Reale ya Dhahabu: Sarafu Zilizopigwa Upya, Je, ni Kumbukumbu au ni Mikuo?

Neno fedha katika Kiswahili lina maana mbili: ni madini meupe yanayofuliwa na sonara, na tena ni mali yoyote ya kununulia na kuuzia. Neno sarafu halitaji madini hata kidogo. Latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubadilisha na kuvunja fedha, na kwa hiyo lahusu kazi ya kitu, si asili yake. Kwa sababu hiyo, mjadala unaowashughulisha wakusanyaji wa sarafu huko Marekani na Ulaya usitushangaze sana, maana nusu yake imo tayari katika msamiati wetu. Wanauliza hivi: kiwanda cha serikali kinapoipiga upya kwa dhahabu sarafu mashuhuri ya zamani, je, kilichopatikana ni sarafu ya kuhifadhiwa kwa ajili ya historia yake, au ni mkuo tu, yaani dhahabu ya mizani iliyovikwa sura ya kale?

Mfano ufaao kuanza nao una uhusiano na pwani yetu. Edward Steere, katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, ametaja aina za reale zilizojulikana mjini wakati ule. Reale ya mzinga ilikuwa ya Hispania, iliyochorwa nguzo mbili ambazo watu waliziona kuwa ni mizinga. Reale ya Sham ilikuwa ile ya Austria, yenye sura ya malkia Maria Theresa. Reale ya dhahabu ilikuwa sarafu ya Marekani ya dola 20. Tazama jinsi majina haya yalivyochagua: la kwanza limeshika picha, la pili limeshika upande ilikotokea biashara, la tatu limeshika madini. Sarafu ya Marekani ilikuwa na kichwa cha mwanamke usoni na tai mgongoni, lakini hakuna aliyeiita reale ya tai. Iliitwa dhahabu, basi, na jina hilo lilikuwa hukumu tosha.

Reale hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 33.4, na katika sehemu kumi, tisa zilikuwa dhahabu safi. Ilianza kutumika mwaka 1850, na sura yake ya kwanza ikaendelea hadi mwaka 1907. Rais Theodore Roosevelt, ambaye hakuficha kwamba sarafu za nchi yake zilimchukiza kwa ubaya, alimwomba mchongaji Augustus Saint-Gaudens abuni nyingine zenye nakshi iliyoinuka kama ile ya Wayunani wa kale. Saint-Gaudens alichora mwanamke atembeaye akishika mwenge na tawi la mzeituni, na upande wa pili tai arukaye juu ya jua linalochomoza. Alifariki mwezi wa Agosti 1907, kazi haijakamilika. Nakshi ilikuwa ya juu mno. Kila kipande kilihitaji mapigo mengi ya mashine, na benki hazikutaka sarafu zisizoweza kupangwa juu ya nyingine. Vipande vya majaribio vya nakshi ya juu kabisa vilikuwa kama ishirini tu. Vilijaribiwa pia vipande vidogo vinene, vya kipenyo cha milimita 27, lakini sheria haikuruhusu kubadili kipenyo, navyo vikayeyushwa karibu vyote. Mwishowe Charles Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda, aliishusha nakshi, na sarafu iliyopita mikononi mwa watu ilikuwa kivuli tu cha ile iliyobuniwa.

Tarehe 5 Aprili 1933 Rais Franklin Roosevelt aliwaamuru raia wa Marekani wasalimishe dhahabu yao. Amri ile iliacha kando sarafu adimu zenye thamani ya pekee kwa wakusanyaji. Hapo serikali yenyewe ililazimika kukata shauri ambalo wakusanyaji hawajalimaliza hata leo: kipande hiki ni dhahabu, kile ni kumbukumbu. Mwaka huo huo zilikuwa zimepigwa sarafu 445,500 za dola 20, nazo ziliyeyushwa zote isipokuwa chache zilizohifadhiwa au kuponyoka. Moja iliyoponyoka iliuzwa mnadani New York mwaka 2002 kwa zaidi ya dola milioni 7.5, na mwaka 2021 ikauzwa tena kwa zaidi ya milioni 18. Dhahabu iliyomo ndani yake haifiki wakia moja. Mizani haiwezi kuieleza bei hiyo, wala nakshi haiwezi, kwa kuwa nakshi ile ile imo katika sarafu nyingi za miaka ya nyuma zinazouzwa kwa bei iliyo karibu na uzito wake. Kinachouzwa ni kisa.

Mwaka 2009 kiwanda cha Marekani kiliirudia kazi ya Saint-Gaudens: wakia moja ya dhahabu safi, kipenyo cha milimita 27, unene wa milimita 4, nakshi ya juu kama alivyoitaka, na mwaka wa 2009 kwa tarakimu za Kirumi. Ilianza kuuzwa kwa dola 1,189, siku ambazo wakia ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 900. Basi mnunuzi alitoa ziada ya karibu dola 300 juu ya madini. Alinunua nini kwa ziada ile? Wasemao kwamba alinunua mkuo wa ghali wana hoja yenye nguvu. Vilipigwa vipande zaidi ya laki moja. Hakuna hata kimoja kilicholipia mkate au kitambaa. Na kila mmoja alikiweka kisandukuni tangu siku ya kwanza, hata hakutakuwa na siku ambapo kimeadimika kwa kuchakaa na kupotea. Hata hivyo siwezi kuwafuata hadi mwisho. Sarafu hii haikunakili kitu kilichokuwapo, bali ilikamilisha kitu kilichoshindikana mwaka 1907, na tena haikudanganya juu ya umri wake.

Katika jambo hili la umri, Ulaya imetenda mengine. Austria imepiga kwa miaka mingi sarafu za dhahabu za korona 100 na za dukati 4 zenye mwaka 1915, ingawa dola iliyozitoa ilivunjika mwaka 1918. Ufaransa, kati ya mwaka 1951 na 1960, ilipiga tena sarafu za faranga 20 zenye jogoo, zikiandikwa miaka ya 1907 hadi 1914. Uingereza nayo, kati ya mwaka 1949 na 1952, ilipiga pauni za dhahabu zenye sura ya George V na mwaka 1925, hali mfalme huyo alikuwa amefariki tangu mwaka 1936. Hizi zote ni halali, na madini yake ni kamili. Lakini mwaka ulioandikwa haushuhudii chochote, na mwanahistoria hawezi kuzitumia kama hati. Kwangu mimi hizo ni mikuo, na wauzaji wengi wa dhahabu wanakubali hivyo kwa vitendo, maana wanazipima na kuzilipia kwa gramu.

Mtu aweza kunipinga kwa kuitaja reale ya Sham, na ndiyo pingamizi kubwa zaidi. Maria Theresa alifariki mwezi wa Novemba 1780, na tangu wakati ule sarafu yake imeendelea kupigwa ikiwa na mwaka 1780. Iliacha kuwa fedha halali kwao Austria mwaka 1858. Italia iliipiga Rome kuanzia mwaka 1935 kwa ajili ya vita vya Uhabeshi; London, Paris, Brussels na Bombay zikafuata, na baadaye Birmingham. Kama tarehe ya uwongo yatosha kuifanya sarafu iwe mkuo, basi hii ndiyo mkuo kuliko mikuo yote. Lakini wachuuzi wa bandari za Bahari ya Sham hawakuipokea kwa mizani peke yake. Walihesabu lulu za kilembani mwa malkia, wakatazama bizimu ya begani, na ile iliyokosa alama waliikataa hata kama fedha yake ilikuwa safi. Walichotaka ni sura waliyoizoea, na mwaka 1780 ulikuwa sehemu ya sura hiyo, si habari ya wakati. Reale ya Sham ilipigwa upya kwa sababu ilikuwa ikitumika. Zile za dhahabu za Ulaya zilipigwa upya ili zifungiwe.

Kwa hiyo swali la wakusanyaji lina kasoro: linatoa njia mbili tu, kumbukumbu au mkuo, na kuisahau ya tatu, ambayo ndiyo sarafu yenyewe. Mwaka 2016 Marekani ilipiga kwa dhahabu vipande vitatu vya mwaka 1916, vya senti 10, 25 na 50, ambavyo asili yake vilikuwa vya fedha. Hapa hata madini hayakurudiwa. Kilichorudi ni picha pekee, imeandikwa mwaka wake wa kweli. Sivyo sarafu, maana havitavunjwa wala kuvunjia. Ni medali nzuri, na idadi yake iliwekewa mpaka tangu mwanzo.

Katika makala haya nimetumia mkuo kwa dhahabu iuzwayo kwa uzito. Kwa kipande kilichopigwa upya kwa tarehe ya zamani ningependekeza rudufu, na kwa kile chenye tarehe yake yenyewe, toleo jipya. Masonara wa Unguja, Mombasa na Lamu, ambao wamekwisha kutoboa pauni nyingi na kuzitia vikuku ili ziwe vidani, huenda wana maneno yaliyo bora kuliko haya, nami ningependa kuyapata kwa yeyote aliyewahi kuyasikia dukani.