Kutoka Mudende mpaka Nkamira: mtaro unaziba kwa sababu gani?

Sisi vijana tunaokaa Rubavu tunapita Mudende mara nyingi, na wengi wetu hatujui kwamba historia yetu ya ukimbizi imelala pale.

Kambi ya Mudende ilikuwa ya ndugu zetu waliokimbia Kivu Kaskazini miaka ya 1995 na 1996. Ilikuwa karibu na mpaka, na wakati ule vita vya abacengezi vinawaka. Mwezi wa 8 mwaka 1997 ikashambuliwa usiku, wakauawa watu zaidi ya mia. Kambi ikabaki pale pale! Mwezi wa 12 wauaji wakarudi, na mara hii waliokufa walikuwa mamia. Ndipo walionusurika wakahamishiwa Byumba, kwenye kambi ya Gihembe.

Gihembe ilikuwa juu ya kilima. Miaka zaidi ya 20 mvua ilikata udongo, makorongo yakafika karibu na nyumba, na mwaka 2021 kambi ikafungwa, watu wakapelekwa Mahama. Hatusemi makorongo yaliletwa na majeraha ya moyo, hapana, ni mvua na mteremko. Lakini mtu aliyefukuzwa usiku mara mbili, atapanda mti mahali anaposubiri kufukuzwa tena?

Huko huko Byumba, mwaka 2005, dayosisi ya Anglikana ilianza kazi inayoitwa sosioterapia. Ilianza kwa Wanyarwanda wenyewe, majirani walioogopana baada ya 1994, baadaye ikafika hata kwa wakimbizi Wakongo. Watu 10 mpaka 15 wanakutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 15, na waongozaji wawili ni watu wa mtaa ule ule. Wanaanza na usalama. Halafu kuaminiana, kujaliana, heshima, kutafuta njia mpya ya maisha. Kumbukumbu za mabaya zinakuja mwisho kabisa.

Mpango huo ndio tunautaka Nkamira. Tangu mwisho wa 2022 watu wa kwetu wanapokelewa pale tena. Mtaro ukiziba tunaita umuganda (wazee bado wanasema salongo), wanakuja wachache, na mara moja utasikia: hawa ni wavivu. Jamani, ulizeni kwanza kama mama huyu analala usiku. Jirani yake alitoka kijiji gani, wanasalimiana? Nani anathubutu kwenda chooni giza likiingia? Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba kwa heshima, fomu ya siku ya kwanza isiulize nani aliuawa. Iulize taa iko wapi.

Sisi tumeanza na wamama wa hangari moja, kila Alhamisi mchana. Habari za vita hatujazigusa. Wiki ya tatu wao wenyewe wakauliza majembe yako wapi. Tuko nayo matatu tu, tunatafuta mengine.