Hitilafu za fomula za utafutaji katika lahajedwali

Fomula ya utafutaji huchukua thamani moja, tuseme namba ya mwanafunzi au msimbo wa bidhaa, huitafuta katika jedwali, kisha hurudisha taarifa iliyo kwenye safumlalo ileile. Ni fomula kongwe: VisiCalc, programu ya lahajedwali iliyotoka Marekani mwaka 1979, ilikuwa na LOOKUP. Leo, katika Excel, LibreOffice Calc na Google Sheets, inayotumika zaidi ni VLOOKUP, ambayo hutafuta kwa kushuka safuwima ya kwanza ya jedwali. Wengine hupendelea kuunganisha INDEX na MATCH, au kutumia XLOOKUP, ambayo Microsoft iliitangaza mwaka 2019. Hitilafu za fomula hizi ni za namna mbili: zinazojitangaza kwa alama ya kosa, na zinazotoa jibu lisilo sahihi bila dalili yoyote. Za kwanza huudhi. Za pili ndizo hatari.

Alama inayojitokeza mara nyingi ni #N/A, maana yake thamani haikupatikana. Mtumiaji huiona thamani hiyo kwa macho yake jedwalini, akaanza kuichokonoa fomula, ilhali kasoro kwa kawaida imo kwenye data. Chanzo kikuu ni namba zilizohifadhiwa kama maandishi. Kwa kompyuta, 4501 iliyo namba na 4501 iliyo maandishi ni vitu viwili, hata zikifanana kabisa kwenye kioo. Taarifa zilizopakuliwa kutoka mifumo ya benki au ya malipo kwa simu huja na kasoro hii mara kwa mara. Namba hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto, mradi mtu hajabadilisha mpangilio kwa mkono. Uthibitisho hutolewa na ISNUMBER. Maandishi hugeuzwa namba kwa VALUE. Ikiwa jedwali ndilo lenye maandishi, thamani inayotafutwa huandikwa A2&"" ili nayo iwe maandishi.

Namba ndefu zina balaa lake. Namba ya simu inayoanza na 07, ikiandikwa kwenye seli ya kawaida, hupoteza sifuri ya mwanzo na hailingani tena na orodha iliyoitunza kama maandishi. Zaidi ya hapo, Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, na zinazofuata huzigeuza sifuri. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ya Tanzania ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ikiingizwa kama namba, tarakimu 5 za mwisho hupotea moja kwa moja, na watu wawili waliozaliwa siku moja katika eneo moja huweza kugeuka mtu mmoja. Kuibadili seli kuwa ya maandishi baada ya hapo hakurudishi kitu. Hilo hufanywa kabla ya kuandika au kubandika. Hata namba hizo zikiwa maandishi, COUNTIF huzilinganisha kama namba, hivyo huweza kuripoti marudio yasiyokuwepo. VLOOKUP na MATCH hazina tabia hiyo.

Chanzo kingine cha #N/A ni nafasi tupu mwishoni mwa neno. LEN huifichua, kwa kuwa huhesabu herufi pamoja na nafasi, na TRIM huiondoa. Lakini data iliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti mara nyingi huwa na nafasi isiyokatika, yenye namba 160, ambayo TRIM haiigusi. Hiyo huondolewa kwa SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ") kabla ya TRIM kutumika.

Alama nyingine hazihitaji uchunguzi mrefu. #REF! hutokea VLOOKUP ikiombwa safuwima ya 5 katika jedwali lenye safuwima 4. #NAME? huonyesha jina la fomula lililokosewa, au fomula isiyojulikana kwa toleo linalotumika: XLOOKUP haimo katika Excel 2016 wala 2019, na LibreOffice iliipokea katika toleo la 24.8.

Hitilafu za kimya huanzia kwenye hoja ya nne ya VLOOKUP. Isipoandikwa, fomula hutafuta kwa kukadiria: huchukua thamani kubwa kuliko zote zisizozidi ile inayotafutwa, na hudhani kwamba jedwali limepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa. Utaratibu huo unafaa kwa majedwali ya viwango. Mathalani, katika kodi ya mishahara Tanzania Bara, mshahara wa shilingi 600,000 haupo jedwalini, lakini fomula huangukia mstari unaoanzia 520,000, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa orodha ya majina au misimbo, utaratibu huohuo huleta bei ya bidhaa nyingine bila kusita. Ni chaguo-msingi baya, na XLOOKUP imeliacha. Kwenye VLOOKUP, FALSE au 0 iandikwe kila mara isipokuwa pale ukadiriaji unapokusudiwa.

Namba ya safuwima nayo ni mtego. Mtu akichomeka safuwima mpya katikati ya jedwali, 3 iliyoandikwa ndani ya fomula hubaki 3, na iliyokuwa bei sasa ni idadi ya mzigo. INDEX na MATCH huepuka hili kwa sababu hutaja safuwima yenyewe. Kunakili fomula kwenda chini bila alama za dola hushusha jedwali zima: A2:C90 huwa A3:C91, na safumlalo za juu hutoka nje ya utafutaji. Suluhisho ni $A$2:$C$90. Thamani ikijirudia, VLOOKUP yenye FALSE hurudisha ya kwanza tu.

Desturi ya kuifunika fomula kwa IFERROR ili #N/A isionekane hufanywa mapema mno mara nyingi. IFERROR humeza makosa yote, pamoja na #REF! inayoashiria jedwali lililobomoka. IFNA, iliyoingia katika Excel 2013, huficha #N/A peke yake, na makosa mengine huyaacha yaonekane.