Kaka Aliye Shambani: Hadithi ya Gimbi Katika Visiwa vya Hawaii

Leo nawapa habari za watu wasemao kwamba gimbi ni kaka yao. Msicheke kwanza. Gimbi mwalijua, wengine huliita jimbi, na Kenya wengi husema nduma. Huko Hawaii huitwa kalo, na ni mmea ule ule.

Tazameni ramani. Hawaii ni visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, mbali sana na bara lo lote. Wenyeji wake walifika kwa mitumbwi mikubwa ya matanga, yapata miaka 800 iliyopita au zaidi, nao walipakia miche ya magimbi na ya mshelisheli, pamoja na nguruwe na kuku. Lugha yao ni ya ukoo mmoja na lugha ya Madagaska, jirani yetu. Tangu mwaka 1959 Hawaii ni jimbo la Marekani, lakini hadithi hii ni ya kale kuliko Marekani yenyewe.

Basi, yasimuliwa kwamba Wakea, baba wa mbingu, alizaa na Hoohokukalani. Mtoto wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake, tena mfu. Wakamzika karibu na nyumba. Mahali pale pakaota mmea wenye bua refu na majani yanayotikisika kwa upepo. Ndilo gimbi la kwanza. Baadaye akazaliwa mtoto wa pili, mzima, akapewa jina la marehemu kaka yake: Haloa. Kutokana na huyo, wasema wao, wametoka watu wote wa Hawaii.

Angalieni mpango wa hadithi hii. Gimbi limezaliwa kwanza, mtu akafuata. Katika desturi ya Hawaii, mkubwa humlisha mdogo na kumlinda. Mdogo naye humtumikia mkubwa na kumtunza. Kwa hiyo anayepalilia magimbi anamhudumia kaka yake, na kaka naye anamlipa kwa chakula. Hata neno lao la jamaa, ohana, limetokana na oha, yaani chipukizi linaloota ubavuni mwa gimbi mama. Mtu akila, anakumbushwa ukoo wake.

Jambo hili lilifika mpaka kwenye chakula. Gimbi bichi huwasha koo, mwalijua hilo. Wao hulipika, kisha hulitwanga kwa mchi wa jiwe pamoja na maji mpaka liwe uji mzito uitwao poi. Bakuli la poi likiisha kufunuliwa, ugomvi ni mwiko. Hakuna kukaripia wala kudaiana, maana Haloa yupo hapo. Mimi naona desturi hii ilifanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi, kwa sababu kila nyumba hula kila siku.

Kuna hadithi nyingine ya namna hiyo. Mungu Ku aliishi kama mtu, mwenye mke na watoto. Njaa ikaja. Akajizamisha ardhini, na hapo ukaota mshelisheli, watoto wakala wakapona. Watu wa Unguja wanaolijua shelisheli wataielewa upesi.

Lakini mwalimu hapaswi kuficha upande wa pili. Huyo Hoohokukalani alikuwa binti wa Wakea mwenyewe. Masimulizi mengine yaeleza kwamba sheria ya kuwatenga wanawake na wanaume wakati wa kula ilitungwa ili Wakea apate nafasi ya kumwendea bintiye bila Papa, mkewe, kujua. Kwa sheria hiyo wanawake walikatazwa nyama ya nguruwe, nazi, na karibu ndizi zote. Mvunjaji aliweza kuuawa. Mwaka 1819, baada ya kufa kwa mfalme Kamehameha wa Kwanza, malkia Kaahumanu na Keopuolani walimsukuma mfalme kijana, Liholiho, aketi ale pamoja na wanawake mbele ya watu. Akaketi, akala, na sheria ikafa. Hadithi ya Haloa haikufa pamoja nayo. Watu walijua lipi la kutupa na lipi la kushika.

Sasa tuje kwenye maji, kwa maana hapo ndipo hadithi ilipojaribiwa. Gimbi la Hawaii hupandwa zaidi katika majaruba yenye maji kama ya mpunga. Maji yakituama na kupata joto, huoza. Kwa hiyo lazima yatembee. Hutoka mtoni kwa mfereji, hupita jaruba hadi jaruba, kisha hurudi mtoni kwa ajili ya wa chini. Aliyefanya kazi ya kuchimba na kusafisha mfereji alipata fungu lake. Maji kwa lugha yao ni wai, na mali ni waiwai.

Mwaka 1876 katika kisiwa cha Maui wenye mashamba ya miwa walianza kuchimba mfereji wa Hamakua. Maji ya mito ya upande wa mvua yakapelekwa upande mkavu, wala hayakurudi. Mifereji mingine ikafuata, na majaruba mengi ya magimbi yakakauka. Shamba kubwa la mwisho la miwa huko lilifungwa mwaka 2016. Mwaka 2018, baada ya wakulima kudai kwa miaka mingi, tume ya maji ya jimbo iliamuru mito kadhaa irudishiwe maji yake.

Na kuna kesi moja zaidi. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Hawaii kilipata hataza za aina tatu za magimbi zilizozalishwa na wataalamu wake. Hataza ni haki ya kumzuia mwingine asizalishe wala kuuza kitu hicho bila idhini. Wenyeji wakaandamana, wakauliza: nani awezaye kuandikishwa kuwa mwenye kummiliki kaka yetu? Wataalamu walikuwa na nia ya kupambana na ugonjwa wa magimbi, nao hawakuwa watu wabaya. Hata hivyo, mwaka 2006 chuo kiliziacha hataza zote tatu.