Saturday Night Live: Kwa nini kila kizazi kinasema imechuja?

Kuna watazamaji wanaoiona Saturday Night Live (SNL) kama shule kubwa kuliko zote ya vichekesho vya runinga nchini Marekani. Wengine wanasema imechuja siku nyingi, inaishi kwa jina tu.

Ubishi huo si wa leo. Ulianza kipindi kikiwa hakijatimiza hata miaka miwili, na zaidi ya mara moja umechangia kuamua nani abaki jukwaani na nani afungashe virago.

Haya ndiyo yanayobishaniwa, na sababu za watu wanaotazama kipindi kilekile kutoka na majibu tofauti.

SNL ni kipindi gani?

Ni kipindi cha maigizo mafupi ya kuchekesha kinachorushwa mubashara na NBC kutoka Studio 8H jijini New York, Jumamosi usiku. Kilianza 11 Oktoba 1975 chini ya mtayarishaji Lorne Michaels.

Kila wiki anakuja mgeni wa kukiongoza, mara nyingi mwigizaji, mwanamuziki au mwanamichezo, na kuna msanii au bendi ya kutumbuiza. Katikati kuna Weekend Update, taarifa ya habari ya utani. Yote hayo yanaingia ndani ya dakika 90, matangazo yakiwemo.

“Ya zamani ndiyo ilikuwa yenyewe”

Hii ndiyo lawama kongwe kuliko zote.

Nyota wa kwanza wa kipindi, Chevy Chase, aliondoka mwaka 1976. Mapema 1977 akaingia Bill Murray. Baadhi ya watazamaji hawakumtaka kabisa, wakamwandikia barua za kumponda. Murray akakaa mbele ya kamera na, nusu utani nusu kweli, akawaomba wampe nafasi.

Huo ulikuwa msimu wa pili tu! Leo Murray anatajwa na hao hao wanaosifia enzi za mwanzo.

Msimu wa 1994–95 nao ulisagwa vibaya na wahakiki. Ulipoisha, Adam Sandler na Chris Farley hawakurudi. Ila muulize mtu aliyekuwa kijana miaka hiyo: kwake, Sandler na Farley ndio SNL yenyewe.

Michaels amekuwa akieleza jambo hili kwa urahisi: watu wengi hukipenda zaidi kikosi walichokitazama wakiwa sekondari. Hapo mtu anacheka na marafiki, anakesha, na utani mwingi anausikia kwa mara ya kwanza.

Kumbukumbu nayo inachuja. Maigizo yaliyochemka mwaka 1978 hakuna anayeyarudia. Yanayorudiwa ni yale machache yaliyofana. Kwa hiyo mtu analinganisha vipande bora vya miaka mingi na kipindi kizima cha Jumamosi iliyopita. Mizani hiyo haiko sawa.

Je, lawama zote ni za kukumbuka ujana?

Hapana. Kuna nyakati ambapo watazamaji na wahakiki walilalamika na matukio yakawapa haki.

- 1980–81: Michaels aliondoka pamoja na kikosi chote cha waigizaji. Jean Doumanian akakabidhiwa kipindi, na kabla msimu haujaisha akaondolewa. Kilichookoa jahazi kwa kiasi kikubwa ni kijana wa miaka 19 aliyeanzia humo, Eddie Murphy.

- 1985–86: Michaels alirudi na majina kama Robert Downey Jr. na Joan Cusack. Haikubamba. Msimu ulifungwa kwa igizo la studio kuwaka moto, Michaels akimwokoa Jon Lovitz peke yake. Waigizaji wengi wakaachwa kweli, Downey akiwemo.

- 2013: Lawama haikuwa kwamba kipindi hakichekeshi, bali kwamba hakikuwa na mwanamke mweusi hata mmoja katika kikosi. Novemba, Kerry Washington alipokuja kuongoza, igizo la kwanza lilimwonyesha akibadilisha nguo mbio mbio ili awe Michelle Obama, kisha Oprah Winfrey. Watu walicheka, lakini hoja ilibaki. Januari 2014 akaajiriwa Sasheer Zamata, mwanamke mweusi wa kwanza katika kikosi tangu Maya Rudolph alipoondoka mwaka 2007. Leslie Jones aliingia kama mwandishi, na baadaye mwaka huo akapanda jukwaani.

Kesi hii ya mwisho inaonyesha kwamba “ubora” hauishii kwenye kicheko. Kikosi kikiwa na pengo, kuna wahusika wasioweza kuigizwa na stori zisizoandikwa.

Siasa inagawa watazamaji

Mwaka 2008 Tina Fey aliigiza kama Sarah Palin, mgombea mwenza wa Republican, na igizo hilo likazungumzwa nchi nzima. Kuanzia 2016 Alec Baldwin akamwigiza Donald Trump.

Hapo watazamaji waligawanyika. Wapo waliosema kipindi kinafanya kazi yake ya kuwatania wakubwa. Wapo walioona kinapiga upande mmoja. Na kundi la tatu, ambalo halikuwa na shida na siasa zenyewe, likasema tatizo ni kurudia habari za wiki bila kuongeza kichekesho.

Trump naye alikuwa mtazamaji. Aliwahi kukiongoza kipindi hicho Novemba 2015 akiwa mgombea, watu wakaandamana kupinga. Mwaka mmoja baadaye, baada ya kuigizwa na Baldwin, akasema kipindi kinaboa na kiondolewe.

Siku sita za kupika

Sehemu ya jibu iko jikoni. Jumatatu waandishi wanamweleza mgeni mawazo yao. Jumanne wanaandika usiku kucha. Jumatano maigizo takriban 40 yanasomwa mezani, mengi yanatupwa. Alhamisi na Ijumaa ni mazoezi na kujenga mandhari.

Jumamosi saa 2 usiku kinachezwa chote mbele ya hadhira. Kisichochekesha kinakatwa, na saa 5:30 usiku wanaingia hewani.

Ratiba kama hiyo haiwezi kutoa kitu cha kiwango kimoja. Anayependa hatari ya mubashara anasamehe igizo likilegea. Anayetaka kazi iliyosafishwa anakereka, hasa akiona macho ya mwigizaji yanasoma bango lenye maneno pembeni ya kamera.

Hata mpangilio una maana. Maigizo ya kueleweka na wengi huwekwa mwanzoni. Yale ya ajabu ajabu husukumwa mwishoni, karibu na saa 7 usiku. Kwa baadhi ya mashabiki hayo ndiyo matamu kuliko yote. Aliyelala mapema hayajui.

Kucheka jukwaani: utamu au uzembe?

Aprili 2024, Ryan Gosling na Mikey Day walitokea wamevaa kama vikatuni Beavis na Butt-Head. Heidi Gardner alipogeuka na kumwona Day, akashindwa kabisa kujizuia. Kipande hicho kikasambaa kila kona.

Wengi waliona ni dakika ya dhahabu kwa sababu haikupangwa. Wengine huona mwigizaji anayecheka anaharibu igizo. Michaels mwenyewe anajulikana kutofurahia tabia hiyo.

Klipu zimebadilisha hukumu

Desemba 2005, video ya “Lazy Sunday” ya Andy Samberg na Chris Parnell ilienea mtandaoni YouTube ikiwa bado changa. Tangu hapo watu wengi wanakutana na SNL vipande vipande kwenye simu.

Kwa mtazamaji wa Nairobi au Dar es Salaam, hali ni hiyo zaidi. New York ikianza kurusha, huku ni Jumapili asubuhi, saa 12:30 au saa 1:30 kutegemea majira ya huko. Kinachomfikia ni klipu tatu nne zilizobamba, au igizo la siasa lenye majina asiyoyajua. Wa kwanza atasema kipindi ni moto, wa pili atasema hamna kitu. Wote wawili hawajakiona kipindi kizima.

Ukitaka kuamua mwenyewe

Tazama kipindi kizima cha mwaka unaousifia, siyo vipande vyake bora, halafu tazama kizima cha msimu huu. Tenga “sikucheka” na “sikubaliani”. Kisha angalia nani yupo jukwaani na nani anaandikiwa sehemu za maana, kwa sababu hapo ndipo malalamiko ya watazamaji yaliwahi kubadilisha kitu.

Februari 2025 SNL iliadhimisha miaka 50 kwa kipindi maalumu kilichowakutanisha waigizaji wa vizazi tofauti, Murray, Sandler na Eddie Murphy wakiwemo. Wote hao watatu waliwahi kuwa sura mpya.