Mzigo Uliobaki Kahe

Wasomaji wa Unguja wanaijua manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, hata kama jina lake limeanza kuwatoka. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta Pegasus, manowari ya Waingereza, imetia nanga bandarini Zanzibar mitambo yake ikitengenezwa. Ikaipiga mizinga hata ikazama. Mabaharia wa Pegasus waliokufa wana makaburi katika kisiwa cha Chapwani. Königsberg nayo ilikimbilia maingilio ya Rufiji, na Julai 1915 ikaangamizwa humo. Hata hivyo mizinga yake iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikasambazwa barani.

Mmojawapo ulifikishwa Kahe. Hiyo ni nchi ya tambarare chini ya Kilimanjaro, kusini-mashariki ya mji wa Moshi, makazi ya Wakahe, wenye lugha yao iliyo jirani ya Kichaga. Maji ya mlima hukusanyika upande huo kabla ya kushika safari ya kwenda Pangani, na reli ya kutoka Tanga hupita hapo kuelekea Moshi. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliwasukuma Wajerumani kutoka Moshi hadi Kahe. Baada ya mapigano ya tarehe 18 hadi 21, Wajerumani waliondoka usiku wakifuata reli. Mzinga ule haukubebeka. Wakaulipua, wakauacha.

Hivyo ndivyo utawala wa Wajerumani ulivyoiaga nchi ya Kilimanjaro, na mzigo wao mzito ukabaki. Mizigo mingine iliyokuwa imekwisha kuondoka kabla ya hapo ilikuwa myepesi, ya kuenea sandukuni: vichwa vya watu. Makala haya yanahusu mzigo huo mwepesi, na mabishano ya wale wanaotaka kuurejesha.

Mangi Meli wa Moshi alimrithi baba yake, Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, aliyefariki mwaka 1891. Kijana huyo hakukubali kuwa mangi wa jina tu. Juni 1892 askari wake waliwashinda Wajerumani, na kiongozi wao, von Bülow, akauawa. Mwaka uliofuata, Agosti 1893, Gavana von Schele alikuja na nguvu kubwa zaidi na Meli akashindwa. Hakunyongwa wakati huo. Alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, katika Moshi ya kale, siku za Kapteni Johannes, kwa tuhuma za kupanga uasi. Hakufa peke yake. Pamoja naye walinyongwa wengine kadhaa, miongoni mwao Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Wazee wa Old Moshi wamesimulia, kizazi baada ya kizazi, kwamba kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Ili kuelewa uzito wa tendo hilo, sharti mtu ajue desturi ya kale ya Wachaga. Maiti alizikwa, na muda ukishapita fuvu lilifukuliwa kwa heshima, likawekwa katika mgomba wa ukoo, penye mawe na masale. Kichwa ndicho kilichokuwa kikao cha babu miongoni mwa wajukuu zake. Aliyekichukua hakuchukua mfupa tu, bali alimhamisha mzee kutoka nyumbani kwake.

Hadithi za kubuni za siku hizi hupenda kutuonyesha marafiki wanaorudi katika miaka iliyopita kumwokoa mwenzao aliyetekwa. Wakifika njiani hugombana. Mmoja ataka kuvunja mlango, wa pili ataka kumlaghai mlinzi, wa tatu ahofia kwamba wakikosea watakuja na mtu asiye wao. Sisi hatuna haja ya kubuni. Wanaomfuata Mangi Meli ni wasafiri wa namna hiyo hasa, kwani mateka wao yumo katika mwaka 1900, na njia ya kumfikia hupita katika madaftari ya makumbusho, masimulizi ya wazee na damu ya wajukuu. Na wao pia wamekhitilafiana.

Sisi wa pwani tulizoea uokozi ulio mwepesi kuusimulia. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika mwaka 1913, shujaa yumo kifungoni. Mama yake ampikia mikate, na mkate wa wishwa, ambao walinzi hawautamani, umefichwa tupa ndani yake. Tupa yakata pingu na mtu yu huru. Pale mateka alijulikana, gereza lilijulikana, na waliomtakia heri walikuwa na shauri moja. Meli hana hata moja kati ya hayo matatu.

Wa kwanza katika safari hii ni jamaa. Isaria Meli, mjukuu wa Mangi, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuuliza na kuandika barua, akitaka babu yake arudi. Mnyaka Sururu Mboro, aliyekulia upande huo wa Moshi, alipokuwa akienda kusoma Ujerumani mwaka 1978 aliagizwa na bibi yake akirudishe kichwa cha Meli. Kwao jambo halina utata: kuna mtu mmoja, ana jina, ana nyumbani, na arudishwe.

Wa pili ni watafiti. Mwaka 2011 taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa mjini Berlin ilikabidhiwa mkusanyiko mkubwa wa mafuvu, ulioanzishwa na Felix von Luschan, aliyekuwa akiwaomba maofisa wa makoloni wampelekee mabaki ya watu. Uchunguzi wa mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki ulionyesha kwamba 904 yalitoka katika nchi ambayo leo ni Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya. Machache yaliyosalia hayakutambulika nchi. Mengi yalichukuliwa makaburini, na mengine mahali pa kunyongea. Watafiti husema: subirini. Mtu asiye Meli akizikwa kwa jina la Meli, tutakuwa tumewakosea wawili, aliyezikwa na aliyeachwa. Hoja hii si ya kubezwa.

Wa tatu ni wanaharakati, na Mboro huyohuyo ni miongoni mwao kupitia jumuiya ya Berlin Postkolonial. Hao huuliza: ni lini aliyeibiwa alitakiwa alete ushahidi, na mwizi akawa hakimu wa ushahidi huo? Wafunguliwe wote. Subira ya mtafiti, wasema, hulipwa na wazee wanaokufa kabla ya jibu kufika.

Wa nne ni dola, ambayo hutaka jambo lipite mlango wa mbele, serikali kwa serikali. Mfano wake upo. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa wa Wahehe, aliyekufa mwaka 1898. Wino ulikauka na fuvu halikuja. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen. Alikuta mafuvu kama 2,000, na 84 kati yake yalitokana na Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akayapima kwa kulinganisha na vipimo vya jamaa za Mkwawa walio hai, akalichagua moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga. Wahehe walipata pa kumlilia mtu wao, na hilo ni jambo kubwa. Lakini ukitoa moja katika 84 yabaki 83. Katika sherehe ya Kalenga hao 83 hawakuwa na msemaji.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi, na lugha yetu inakionyesha waziwazi kuliko lugha nyingi. Fuvu liko katika ngeli ya vitu: limepatikana, limepimwa, limerudishwa. Babu yumo katika ngeli ya watu: amepatikana, amerudi. Mtafsiri wa barua baina ya makumbusho na ukoo hawezi kulikwepa swali hili, maana kila kitenzi kitamlazimisha achague. Mwenye makumbusho huandika "limetambuliwa". Mama wa Old Moshi husema "hajarudi". Wanabishana kuhusu njia, lakini kabla ya njia wanakhitilafiana kama kinachokombolewa ni kitu au ni mtu. Kitu chaweza kusubiri kabatini hadi kitambuliwe. Mtu hasubirishwi kifungoni kwa kuwa jina lake halijasomeka.

Septemba 2023 yalitangazwa matokeo ambayo hakuna msafiri aliyeyatarajia. Mafuvu manane yalipimwa vinasaba na kulinganishwa na watu walio hai, na matatu yalipata jamaa zao. Meli hakuwamo. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida". Kwetu akida ni cheo, lakini watafiti walimtambua mtu aliyejulikana hivyo, mshauri wa Mangi Meli, na vinasaba vikamthibitisha kwa wajukuu zake. Walikwenda kumtafuta mangi, wakampata mtu wake.

Ajali hiyo njema yanifundisha zaidi ya mabishano yote. Lau wasafiri wangekubaliana kumtafuta Meli peke yake, Akida angalikuwa angali namba. Na lau watafiti wasingalikuwa na subira, Akida angalizikwa bila jina, na wajukuu zake wasingalijua kwamba ni wao. Kila upande ulikuwa na sehemu ya tupa.

Hata hivyo siamini kwamba pande hizo zina haki sawa ya kutusubirisha. Aliye na jina alikuwa na wa kumpigania tangu mwanzo: mjukuu wa kuandika barua, bibi wa kuusia, hata mkataba wa mataifa. Wasio na majina hawana ila hoja ya ubinadamu wao. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipoomba radhi Songea, tarehe 1 Novemba 2023, aliahidi kusaidia kumtafuta Songea Mbano, na ahadi hiyo ni ya haki. Lakini ahadi kwa mtu mmoja ni nyepesi kuitoa. Iliyo nzito ni ahadi kwa hao 202 wote, na kwa wale 904 wa Rwanda.

Rai yangu basi ni hii. Kazi ya kutafuta majina iendelee, lakini isiendelee katika makabati ya Berlin. Waliokwisha kujulikana kwamba ni wa nchi hii warudishwe wakiwa pamoja, na wakaribishwe kama watu, kwa sala na matambiko ya wenyeji wao. Upimaji na uulizaji ufanyike hapa, wazee wakiwapo, na kila anayepata jina akabidhiwe ukoo wake. Atakayekosa jina awe na kaburi lake, na ukoo utakaomtambua kesho uwe na haki ya kumchukua. Hofu ya kumzika mtu pasipo pake ni ya kweli. Dawa yake ni kuandika na kutunza kumbukumbu vizuri, kama walivyoandikiwa mabaharia wa Pegasus.

Kule mlimani mtu akitaka kusamehewa huja na jani la isale mkononi. Wenye masanduku wanalijua jani hilo, kwa kuwa mafuvu mengine yalitwaliwa penye masale yenyewe. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema wahenga wetu wa baharini. Meli wa Moshi bado hajarudi. Wala wengi waliosafirishwa kwa njia ileile hawajarudi, nao hawatafutwi na mtu.