Chris Froome ni wa nani?

Wadau, nimepotea kidogo, mnisamehe. Dawati la habari halina huruma, kila nikikaa kuandika ya kwangu simu ya mhariri inaita. Leo nipo nyumbani Maji ya Chai, umeme upo, mvua imekata, na kuna ubishi wa kijiweni ambao sikuumaliza vizuri. Naumalizia hapa.

Ulianza hivi. Binamu yangu hubeba ndizi kwa baiskeli kwenda soko la Tengeru kila Jumatano na Jumamosi. Mikungu minne, Phoenix moja, lami ya Moshi-Arusha na malori yanayompulizia honi mgongoni. Jumamosi iliyopita alirudi amechoka, akakaa, akasema: "Mdogo wangu, wewe msomi, hebu niambie. Wakenya wanakimbia, Waethiopia wanakimbia. Mbona kwenye baiskeli hatumo, wakati huku kila mtu anaendesha?"

Nikamwambia yupo mmoja, mzaliwa wa Nairobi, aliyeshinda Tour de France mara 4. Nikatoa simu nikamwonyesha picha. Kijiwe kizima kikacheka. "Huyu? Si mzungu huyu!"

Haya, ni mzungu. Lakini twende taratibu.

Christopher Froome alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985, mtoto wa mwisho kati ya wavulana watatu. Wazazi walipoachana alibaki na mama yake, Jane. Alikuwa mtoto mwenye mambo yake: alifuga chatu wawili nyumbani, jambo ambalo kwa Mmeru yeyote lingetosha kumpeleka kwa mchungaji akaombewe. Alipofika miaka kama 12 hivi, mama akampeleka Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, kwa mwendesha baiskeli mmoja mwenye rasta ndefu aitwaye David Kinjah.

Kinjah ndiye hasa niliyetaka binamu amjue. Kijiji chake ni Mai-a-Ihii. Nyumba yake ya mabati ilikuwa ndiyo karakana, ndiyo jiko, ndiyo bweni. Vijana wa mtaani, wengi wao wasio na karo, walikuja pale kujifunza kukaza spoku, kuziba pancha, kupika ugali, na kupanda milima kwa baiskeli. Kundi lao linaitwa Safari Simbaz. Froome akawa mtoto pekee mzungu katika kundi hilo. Alikula walichokula, alilala walipolala, akajifunza Kiswahili na Kikuyu kidogo, akafuatana nao kwenda Ngong akiwa wa mwisho kila mara. Hao wenzake walikuwa wakubwa na wenye nguvu kuliko yeye. Kinjah amesimulia mara nyingi kwamba katoto kale kalikuwa hakakubali kurudi nyuma, hata kakiambiwa kageuze.

Mwaka 2002 Kinjah huyo huyo alisajiliwa na timu ya Italia, Index-Alexia, akiwa mmoja wa Waafrika weusi wa mwanzo kabisa kuingia timu ya kulipwa Ulaya. Fikiria: mtu wa nyumba ya mabati Kikuyu anavaa fulana ya timu ya Waitaliano, taifa ambalo mpanda milima wa baiskeli anaimbwa kama sisi tunavyoimba washambuliaji wa Simba na Yanga. Hao ndio watu waliomlilia Marco Pantani alipofariki Februari 2004, yule aliyeshinda Giro na Tour kwa mwaka mmoja, 1998.

Froome alipofikisha miaka 14 akapelekwa shule Afrika Kusini. Hapo njia zikaanza kuachana, ingawa hazikuachana moja kwa moja. Machi 2006, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Melbourne, wote wawili walivaa rangi za Kenya. Froome akawa wa 17 katika mbio za kila mtu na saa yake, na Waingereza waliokuwepo wakaanza kuulizana: huyu Mkenya ni nani?

Mwaka huo huo yakatokea ya Salzburg, na hapa nacheka kila nikisoma. Alitaka kushiriki mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 23. Akaona akisubiri chama kimwandikishe atazeeka. Basi akaingia kwenye barua pepe ya mkubwa wa chama cha baiskeli Kenya, akajiandikisha mwenyewe kwa jina la mkubwa. Akaenda Austria peke yake, akahudhuria vikao vya mameneja akiwa yeye ndiye meneja na yeye ndiye mchezaji. Siku ya mbio, sekunde chache baada ya kuanza, akamgonga mwamuzi, wote chini. Akaamka, akaendelea, akamaliza wa 36.

Tunaofuatilia vyama vya michezo huku kwetu tunajua kwa nini mtu anafika hapo. Binamu aliwahi kwenda kwenye mashindano fulani ya baiskeli, sitayataja, akaambiwa washindi kumi wa kwanza watapewa zawadi. Akawa wa nane. Akapewa soda na maneno mazuri. Nauli ya kurudi alikopa.

Mwaka 2008 Froome alikuwa Italia, timu ya Barloworld, akiishi mji wa Chiari karibu na Brescia. Mei mwaka huo akabadilisha leseni kutoka Kenya kwenda Uingereza, alikotoka baba yake. Wiki chache kabla ya Tour de France yake ya kwanza mama yake akafariki kwa saratani. Akaenda kumzika, akarudi, akapanda baiskeli, akaimaliza Tour hiyo katika nafasi za themanini na kitu.

Baadaye akahamia Sky ya Uingereza, na mwanzoni hakuna aliyemwona wa maana. Giro ya 2010 alifukuzwa mashindanoni kwa kushikilia pikipiki kwenye mlima Mortirolo. Mwishoni mwa mwaka huo akagundulika ana kichocho. Ndiyo, kichocho hiki hiki, kile ambacho watoto wa shule kule Mwanza wanapangiwa mstari kumezeshwa vidonge vya praziquantel. Mdudu yule anakukausha damu polepole, na mpanda mlima bila damu ni gari bila mafuta. Mwaka uliofuata, 2011, akawa wa pili Vuelta ya Hispania, sekunde 13 tu nyuma ya Juan José Cobo. Mwaka 2019 Cobo akavuliwa ushindi huo kwa kosa la dawa, Froome akatangazwa mshindi. Kuna wasemao mabadiliko ya 2011 yalikuwa makubwa mno. Mimi naandika kilichothibitishwa, na hakuna kilichothibitishwa dhidi yake.

Ya Tour de France nitayapitisha haraka maana mnayajua: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2013 alishinda Mont Ventoux siku ya sikukuu ya taifa ya Wafaransa. Mwaka 2016, mlima ule ule, pikipiki ilifunga breki mbele yao, baiskeli yake ikavunjika, akaanza kupanda mlima kwa miguu akiwa na fulana ya njano na viatu vya baiskeli. Kwenye televisheni za Ulaya walishangaa. Pale Kikuyu sidhani kama kuna aliyeshangaa.

Ninayotaka kuikalia ni Giro ya 2018, hatua ya 19, tarehe 25 Mei. Mimi nilikuwa sekondari, sikuiona. Nimeitazama baadaye nikiwa chuo, kwa bando la kuchangishana bwenini.

Asubuhi ile Froome alikuwa wa 4, dakika 3 na sekunde 22 nyuma ya Simon Yates. Mbele yao kulikuwa na Colle delle Finestre: kilomita 18 na nusu, wastani wa asilimia 9. Maana yake kila ukienda mita 100 umepanda mita 9, tangu chini hadi juu, bila pa kupumzikia. Kilele kipo mita 2,178. Kwa watu wa huku, hiyo iko chini kidogo ya kibanda cha Miriakamba pale Meru. Na kilomita za mwisho hazina lami, ni changarawe tupu. Ukiwa umewahi kupanda na gari la hifadhi kutoka geti la Momella ukasikia injini inavyolia, ongezea kwamba injini ni mapaja yako.

Zikiwa zimebaki kilomita 80 hivi kufika Bardonecchia, kwenye changarawe ile, Froome akaondoka. Peke yake. Katika zama za mahesabu ya kompyuta ilikuwa nadra mtu kufanya hivyo; wengi walisubiri kilomita za mwisho. Lakini timu ilikuwa imepiga hesabu zake pia: walisambaza watu wao kando ya barabara na chupa za maji na chakula, ili asibebe uzito wa bure. Mtindo wake haupendezi hata kidogo. Kichwa kimeinama kama anatafuta shilingi iliyoanguka, viwiko nje kama kuku anayetaka kuruka, miguu inazunguka haraka haraka. Yates akaporomoka, akapoteza zaidi ya nusu saa. Froome akafika dakika 3 mbele ya aliyemfuata, akavaa fulana ya waridi, na siku mbili baadaye Roma akashinda Giro kwa sekunde 46 mbele ya Tom Dumoulin.

Tuwe wakweli: aliikimbia Giro ile akiwa na kesi. Vuelta ya 2017, aliyoishinda, vipimo vyake vilionyesha kiwango kikubwa cha salbutamol, dawa ya pumu. Kesi ilifungwa Julai 2018 bila adhabu. Juni 2019 akapata ajali mbaya Roanne, akavunjika paja, kiwiko, nyonga na mbavu, na hajawahi kuwa yule tena. Agosti 2025 akaanguka tena mazoezini.

Sasa swali la kijiweni: ni wetu? Binamu alisema hapana, akaongeza, "Angekuwa na ngozi yangu angekuwa bado anabeba ndizi." Nilitaka kumbishia. Kisha nikakumbuka Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, Wakenya waliopelekwa Alpe d'Huez mwaka 2008 kupimwa na saa. Nderi alipanda kwa dakika 42 na ushee, mtu ambaye hakuwa na timu, hakuwa na kocha wa Ulaya. Pantani aliupanda kwa dakika 37 na kitu, akiwa na vyote. Hakuna timu kubwa iliyomchukua Nderi. Nikamkumbuka pia Suleiman Kangangi, wa 3 Tour du Rwanda 2017, aliyefia kwenye mbio za changarawe Vermont, Marekani, Agosti 2022, akiwa bado anawatafutia wadogo zake pa kutokea.

Upande mwingine, Waeritrea walirithi baiskeli kutoka kwa Waitaliano waliowatawala, wakaifanya yao, na Julai 2015 Daniel Teklehaimanot akavaa fulana ya mfalme wa milima kwenye Tour de France. Na mashindano ya dunia ya 2025 yalifanyika Kigali, basi la siku moja na kitu kutoka hapa. Kwa hiyo ngozi si jibu lote, kaka. Pasipoti ya baba ilimsaidia Froome, karo ilimsaidia, lakini pia alipata mtu wa kumfungulia mlango wa mabati. Wa kwetu yuko wapi?

Binamu hakujibu. Aliuliza kitu kimoja tu: huyo Kinjah, kutoka Namanga hadi kwake ni kilomita ngapi?