Rafu ya falsafa maktabani: nani anaamua kiingie kitabu gani?

Msikilizaji wetu mmoja wa upande wa Mgeta alituma ujumbe baada ya kipindi. Mjukuu wake anasoma falsafa chuoni hapa Morogoro, na yeye bibi anauliza: huko maktabani kuna kitabu chochote chenye mawazo ya Waluguru? Swali ni fupi. Jibu lake lina safari kidogo.

Falsafa ni neno tulilopewa na Kiarabu, na Kiarabu kililitoa kwa Wagiriki. Kwao maana yake ni kupenda hekima. Mkoani kwetu somo hili si geni. Chuo cha Jordan, pale Kola, kilianza kama Taasisi ya Falsafa na Teolojia ya Wasalvatoriani, na anayesomea upadri wa Kikatoliki husoma falsafa kwanza, teolojia baadaye. Kwa SUA ni tofauti: maktaba yake ni Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, na jina linajieleza.

Kujenga rafu ya falsafa huanza na mihtasari ya kozi. Mwalimu anaandika vitabu anavyohitaji, mkutubi anaangalia vilivyopo, halafu inakuja hesabu ya fedha. Vingi huchapwa Ulaya na Marekani na kuuzwa kwa dola au pauni, kwa hiyo shilingi ikishuka orodha nayo inafupishwa. Pengo huzibwa na maboksi ya msaada. Msaada si mbaya, ila aliyetoa ametoa alichokuwa nacho, na mara nyingi ni kile ambacho chuo cha kwao hakikihitaji tena.

Hapa falsafa ina nafuu moja. Kitabu cha zamani cha viuatilifu kinaweza kukushauri upulize DDT shambani. Hicho kitolewe haraka. Plato ana miaka zaidi ya 2,300 kaburini na bado anasomwa. Tafsiri zake za zamani za Kiingereza hata haki miliki zimekwisha, zinapatikana bure kwenye simu, ukiwa na bando.

Kitabu kikishaingia hupewa namba. Maktaba nyingi duniani hutumia mpangilio wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876. Falsafa ni 100 hadi 199: mantiki iko 160, maadili 170, falsafa ya kale 180, ya Ulaya na Marekani ya sasa 190. Falsafa ya Afrika? Iko 199, mwisho kabisa, pamoja na nchi nyingine zote zilizobaki.

Na hiyo ni ile iliyofanikiwa kuitwa falsafa. Chukua mfano. Aristotle ana kitabu cha maadili chenye sehemu 10, na sehemu 2 nzima anazungumzia urafiki: yupo rafiki wa manufaa, yupo wa starehe, na yupo anayekupenda kwa wema wako. Kitabu hicho kinawekwa 171. Sisi tunasema "akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", na kitabu cha methali kinapelekwa 398.9, kwenye ngano na mila. Jambo ni lile lile, rafu ni mbili zisizoonana.

John Mbiti wa Kenya, aliyefundisha Makerere, alitoa mwaka 1969 kitabu juu ya dini na falsafa za Afrika. Mara nyingi utakikuta kwenye dini, 299. Kusadikika ya Shaaban Robert na Nagona ya Kezilahabi, vyenye maswali mazito ya haki na ukweli, viko kwenye fasihi. Na hapa kwetu, swali la ardhi ya ukoo inayorithiwa upande wa mama, kwamba ni ya nani hasa, Young na Fosbrooke waliliandikia kitabu mwaka 1960. Kinahesabiwa sayansi ya jamii. Mimi naona wazee walioulizwa walikuwa wakifanya falsafa, ila si kazi yangu kugawa namba.

Mkutubi hafungwi mikono, lakini. Kitabu kina sehemu moja tu ya kukaa, ila katika orodha ya kompyuta kinaweza kupewa vichwa vya mada zaidi ya kimoja. Akiandika methali chini ya "maadili" pia, mwanafunzi anayetafuta maadili atazikuta. Ni kazi ya dakika chache kwa kila kitabu, na kazi hiyo inahitaji mtu anayejua kilichomo ndani.

Ila kuna ambacho hakijaandikwa kabisa. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliliona hilo katika miaka ya 1970, akaenda vijijini kuhoji wazee. Hakuishia kwenye "wazee wetu husema". Aliwabana: wewe mwenyewe unaonaje, na kwa nini? Akatofautisha anayejua hekima ya jamii yake na anayeweza kuihoji. Mahojiano aliyachapa na majina ya wenyewe, kama Plato anavyotajwa kwa jina.

Kwa hiyo bibi wa Mgeta, jibu ni hili: mawazo ya Waluguru yapo kidogo, mengi chini ya majina mengine. Mwanafunzi akija na simu kukurekodi, muulize mambo matatu kabla hujaanza. Jina langu litaandikwa, au nitakuwa "mzee mmoja wa kijijini"? Nakala itawekwa maktaba gani? Na mimi nitapata yangu? Akisema ni kwa ajili ya mtihani tu, mwambie apeleke nakala kwa mkutubi wa chuo chake. Wapo wanaozipokea.